Kuwafundisha watoto wadogo habari za dunia nyumbani

Mama wa Mikindani: Ndugu zangu, nina watoto wa miaka 5 na 7, nami ningependa wazifahamu nchi nyingine na desturi za watu wake. Ramani niliyoibandika ukutani wanaiona kuwa pambo tu. Nianzie wapi?

Mwalimu mstaafu, Lindi: Dada, anza na korosho. Asili ya mkorosho ni Brazili, na Wareno ndio walioueneza hadi pwani yetu. Leo sehemu kubwa ya korosho ghafi inayotoka kwetu husafirishwa kwenda India na Vietnam kubanguliwa. Wape uzi waunyoshe kwenye ramani kutoka Mtwara hadi huko, kisha mzungumzie vyakula, mavazi na sikukuu za wenyeji. Usiwakaririshe miji mikuu. Hilo waachie walimu wa shule.

Baba wa Newala: Naunga mkono, ingawa mimi ningeanzia jirani zaidi. Ng'ambo ya Mto Ruvuma ni Msumbiji, ambako Wamakonde wapo kama walivyo huku, ila lugha rasmi ni Kireno. Hapo mtoto huelewa kwamba mpaka wa nchi haukati utamaduni.

Mwalimu mstaafu, Lindi: Umenena vyema, kaka. Waelezeni pia kuhusu mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, mkoani kwetu, kuanzia 1909 hadi 1913, ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Berlin, ambako mmoja wao amesimamishwa kwa kimo kinachozidi mita 13. Ujerumani wataitafuta wenyewe, tena kwa hasira kidogo.

Mama wa Mikindani: Shikamoo, mwalimu, nashukuru. Uzi ninao, jioni hii tunaanza na India.