Chrome inarudi kwenye ukurasa wa utafutaji usiojulikana na inaandika "Managed by your organization": inatolewaje moja kwa moja?

duka_la_kona

Wakuu, naomba msaada wa kina. Kompyuta ni ya steshenari, Windows 10 ya biti 64, RAM GB 4. Inatumika kuchapa, kuskani na kuwajazia watu maombi ya mkopo HESLB na ya kazi kwenye Ajira Portal. Tangu iwekwe programu moja ya bure ya kugeuza PDF kuwa Word, hali ni hii:

Ukiandika neno kwenye sehemu ya anwani, linapita kwanza kwenye tovuti ngeni, halafu matokeo yanafunguka kwenye injini ya utafutaji ambayo hakuna aliyeichagua. Kwenye mipangilio, "Search engine" inaonyesha inadhibitiwa na ekstensheni (programu ndogo inayoongezwa ndani ya Chrome), na ekstensheni yenyewe haina kitufe cha "Remove". Chini ya menyu ya nukta tatu pameandikwa "Managed by your organization", wakati duka halijaungwa na ofisi yoyote. Juu ya hayo, kona ya kulia chini yanachomoza matangazo ya "kompyuta yako ina virusi 5", hata dirisha la Chrome likiwa limefungwa.

Mpaka sasa ile programu imeondolewa kupitia Control Panel, Chrome imefanyiwa reset mara mbili, kisha ikaondolewa na kuwekwa upya. Inatulia, lakini kompyuta ikizimwa na kuwashwa yote yanarudi. Kupiga Windows upya nataka kuwe kwa mwisho kabisa, kwa sababu kuna kazi za wateja ndani na bando ni la kupimiana. Kwa nini inarudi, na inang'olewaje?

---

fundi_nyaya

Mkuu, inarudi kwa sababu kinachoirudisha hakikai ndani ya Chrome. Reset ya Chrome inagusa mipangilio ya Chrome tu. Huyo mtekaji, yaani programu iliyoiteka Chrome yako, ameandika sera kwenye Windows, na Chrome kila inapofunguka inasoma sera hizo na kuzitii kama amri ya mwajiri. Ndiyo maana inasema "Managed by your organization", na ndiyo maana kitufe cha "Remove" hakipo. Hata ukiondoa Chrome na kuiweka upya, sera inaikuta palepale.

Anza kwa kumtambua. Andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani. Ukiona ExtensionInstallForcelist, mbele yake kutakuwa na herufi 32 ndogo, zote kati ya a na p. Hicho ndicho kitambulisho cha ekstensheni. Fungua chrome://extensions, washa "Developer mode", ulinganishe. Ukiona CloudManagementEnrollmentToken na kompyuta si ya ofisi, nalo ni la mtekaji. Piga picha ukurasa huo kwa simu kabla hujagusa kitu.

Sasa fuata mpangilio huu bila kuuruka, kwa sababu ukianza na Chrome utakuwa unafuta na mtekaji anaandika upya.

Kwanza, chomoa intaneti. Mengi ya haya yana kipande kidogo ambacho kazi yake ni kupakua kilichofutwa.

Pili, bonyeza Windows + R, andika taskschd.msc, fungua "Task Scheduler Library". Pitia taski (kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe) moja moja, usome sehemu ya "Actions". Unayoitafuta ni ile inayoita powershell.exe au wscript.exe yenye maneno kama -WindowStyle Hidden au -EncodedCommand, au inayofungua faili lililo ndani ya AppData au ProgramData kwenye folda yenye jina lisiloeleweka. Jina la taski lisikudanganye, kwani hujiita "Update" au "Helper" mradi lionekane la kawaida. Taski za Google Updater na OneDrive ni halali, na zilizo ndani ya folda ya Microsoft\Windows ziache. Ukiipata, andika pembeni njia ya faili, "Disable" taski, futa faili, ndipo ufute taski.

Tatu, Ctrl + Shift + Esc, nenda "Startup", zima usichokijua baada ya kuangalia faili lake liko wapi.

Nne, fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) kwa "Run as administrator" ukiwa umefunga Chrome, na uandike:

reg export "HKLM\SOFTWARE\Policies" C:\sera_nakala.reg
rd /s /q "%WinDir%\System32\GroupPolicy"
rd /s /q "%WinDir%\System32\GroupPolicyUsers"
reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f
reg delete "HKCU\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f
gpupdate /force

Mstari wa kwanza ni nakala ya akiba, usiuache. Mistari miwili ya rd ndiyo wengi wanaisahau. Ndani ya folda ya GroupPolicy kuna faili linaitwa Registry.pol, na Windows hulitumia kuandika upya sera kwenye rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows). Ukifuta rejistri peke yake, Registry.pol inaizalisha tena. CMD ikijibu kwamba haikuona folda au ufunguo fulani, si kosa, maana yake mtekaji hakupitia hapo. Kama Edge nayo imeguswa, rudia reg delete kwa SOFTWARE\Policies\Microsoft\Edge.

Ila amri hizi ni za kompyuta ya mtu binafsi au duka. Kompyuta ya benki, chuo au wizara ina sera za kweli zilizowekwa na watu wa TEHAMA. Ukizifuta unaharibu kazi yao.

Baada ya hapo fungua Chrome, rudi chrome://policy, bonyeza "Reload policies". Orodha ikiwa tupu, ile ekstensheni kwa kawaida inaondoka yenyewe, na ikibaki sasa itakuwa na "Remove". Hapo ndipo reset ya chrome://settings/reset ina maana.

---

Mama Seva

Fundi amemaliza upande wa sera. Naongeza mambo mawili ambayo yasiposhughulikiwa duka litaona "virusi" vimerudi.

Yale matangazo ya kona si virusi, wala hayatoki kwenye ile programu ya PDF. Ni arifa za tovuti. Mtu aliyekaa kwenye hiyo kompyuta alifungua ukurasa ulioandika "bonyeza Allow kuthibitisha wewe si roboti", akabonyeza. Uthibitisho wa kweli wa roboti hauhitaji kamwe kitufe cha Allow cha arifa, mfundishe hivyo kila anayekaa hapo. Fungua chrome://settings/content/notifications, shuka mpaka orodha ya walioruhusiwa, ondoa wote usiowajua. Yanaonekana hata dirisha likiwa limefungwa kwa sababu Chrome inabaki ikifanya kazi chinichini. Nenda "System" kwenye mipangilio, uzime "Continue running background apps when Google Chrome is closed".

La pili ni sync, yaani Chrome kunakili mipangilio yako kwenye akaunti ya Google. Kama kuna akaunti ya Google imeingia kwenye hiyo Chrome, ekstensheni na mipangilio ya utafutaji huenda vimeshapandishwa kwenye akaunti. Ukisafisha ukaingia tena, vinashuka. Zima sync kabla ya kusafisha. Ukishamaliza, fungua chrome.google.com/sync na ufute data iliyohifadhiwa huko, ndipo uwashe upya. Nakala ya Google itafutika, alamisho zilizomo kwenye kompyuta zitabaki. Kama akaunti hiyohiyo iko kwenye kompyuta nyingine, nayo lazima ikaguliwe, la sivyo itaambukiza hii.

Halafu angalia ikoni ya Chrome. Bofya kulia, "Properties", soma "Target". Inatakiwa iishie kwenye chrome.exe" bila anwani ya tovuti mbele yake. Ukiona --profile-directory="Default" hiyo ni halali. Ukiona http au --load-extension, futa kipande hicho. Ya kwenye taskbar ina faili lake tofauti: shikilia Shift ukibofya kulia ili uipate "Properties".

---

duka_la_kona

Asanteni sana. Kulikuwa na taski moja inaita powershell kila mtu anapoingia, faili lake lilikuwa AppData\Roaming. Baada ya zile amri chrome://policy iko tupu, ekstensheni imeondoka, na tumeshazima na kuwasha mara tatu bila chochote kurudi. Lakini sasa hakuna ukurasa unaofunguka. Chrome inaandika ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED, na Edge vilevile. Wi-Fi iko sawa, simu zinapata mtandao.

---

fundi_nyaya

Hiyo ni alama ya kwamba umemng'oa, mkuu. Alikuwa ameweka proksi ndani ya kompyuta yenyewe, kwa kawaida 127.0.0.1 na namba ya poti, ili kila ukurasa upite kwake na yeye achomeke matangazo. Programu imekufa ila mpangilio umebaki, kwa hiyo Windows inabisha mlango usio na mtu.

Nenda Settings, "Network & Internet", "Proxy". Zima "Use a proxy server" na pia "Use setup script". Kisha CMD ya msimamizi:

netsh winhttp reset proxy
ipconfig /flushdns

Proksi ikijiwasha tena yenyewe baada ya dakika chache, kuna kitu bado kiko hai: rudi kwenye taski, na fungua services.msc utafute huduma ambayo "Path to executable" yake haiko Program Files wala Windows. Pitia pia faili la C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts kwa Notepad. Likiwa la asili, mistari yake yote inaanza na alama ya #.

---

kaka_usalama

Kwa sababu alikuwa na proksi, kagua na cheti (hati ya kidijitali inayothibitisha tovuti). Ili mtu asome kurasa za https kupitia proksi yake bila onyo kutokea, anahitaji cheti chake ndani ya Windows. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba baadhi ya laptopu za Lenovo zilikuwa zimeuzwa na Superfish ndani yake, programu ya matangazo iliyoweka cheti cha namna hiyo, na ufunguo wake wa siri ulikuwa mmoja kwa mashine zote. Bonyeza Windows + R, certlm.msc, kisha "Trusted Root Certification Authorities". Panga kwa tarehe ya mwisho au soma majina, na tafuta lenye jina la ile programu au la kampuni yake. Usifute cheti kwa kukihisi tu, ukifuta cha DigiCert au Microsoft utavunja mambo mengine.

Kisha skani. AdwCleaner ya Malwarebytes ni faili dogo, haisakinishwi, haili bando. Andika anwani mwenyewe, malwarebytes.com/adwcleaner, usiitafute kwa kubofya tangazo la juu la matokeo, maana kuna wanaonunua matangazo kwa majina ya zana hizi kusambaza uchafu uleule. Ikimaliza, ile orodha ya programu zilizokuja na kompyuta usiiwekee tiki yote, humo kuna za kuendesha vitufe vya laptopu. Baada yake, "Microsoft Defender Offline scan": kompyuta inajiwasha upya na kuskani kama dakika 15 kabla Windows haijapanda, kwa hiyo hifadhi kazi kwanza.

Na hili lisipuuzwe. Ekstensheni yenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote inaweza kuona kinachoandikwa, nywila ikiwemo. Watu waliojaziwa fomu za HESLB na Ajira Portal kwenye kompyuta hiyo katika kipindi hicho waambiwe wabadilishe nywila, wakitumia simu zao, na wajitoe kwenye vifaa vyote kwenye barua pepe zao. Wateja wamekuamini na vyeti vyao na namba za NIDA, wana haki ya kujua.

---

Mama Seva

Kuzuia isirudie, kwa duka lenye watu wengi kuanzia asubuhi hadi jioni, maneno ya "kuweni makini" hayatoshi. Ifungeni mashine.

Akaunti ya kazi ya kila siku iwe "Standard", ya msimamizi iwe na nywila ya mwenye duka peke yake. Kwenye "App & browser control", "Reputation-based protection", washa "Potentially unwanted app blocking" zote mbili, za apps na za downloads. Hizi za matangazo Defender huzihesabu kama zisizotakiwa, na mpangilio huo ukiwa umezimwa zinaweza kupita.

Programu zisitoke kwenye tovuti za kukusanya programu za bure. Kisakinishi chao kinafungasha vingine ndani, na ukibonyeza "Next" mfululizo ukiwa kwenye "Recommended" umeshakubali. Chukua kwa mtengenezaji mwenyewe, au tumia winget, amri ya Windows ya kusakinisha programu:

winget install --id VideoLAN.VLC -e

PDF kwenda Word, Microsoft Word kuanzia toleo la 2013 inafungua PDF yenyewe: "Open", chagua faili, kubali kugeuza. Iliyoskaniwa kama picha haitatoka vizuri, ila ya maandishi inatoka. Na chochote kinachokuomba uzime Defender kwanza ndipo kifanye kazi, hasa vile vya kufungulia Windows na Office bila leseni, usikiruhusu kabisa.

Mwisho, sera alizotumia mtekaji zitumie wewe:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome\ExtensionInstallBlocklist" /v 1 /t REG_SZ /d "*" /f
reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /v DefaultNotificationsSetting /t REG_DWORD /d 2 /f

Ya kwanza inazuia ekstensheni zote, ya pili inanyima tovuti mpya ruhusa ya arifa bila hata kuuliza. "Managed by your organization" itarudi, na safari hii msimamizi ni wewe. Ukitaka kizuia matangazo kama uBlock Origin Lite kiendelee, weka kitambulisho chake cha herufi 32 kwenye ExtensionInstallAllowlist kwa mtindo uleule.

---

duka_la_kona

Proksi ilikuwa imewashwa, 127.0.0.1. Imezimwa, kurasa zinafunguka. Cheti kigeni hakikuonekana. Swali la mwisho: mteja akitaka kuingia kwenye barua pepe yake hapa dukani, kuna namna nywila isibaki?

---

kaka_usalama

Tumia dirisha la mgeni. Tengeneza ikoni nyingine ya Chrome, kwenye "Target" baada ya chrome.exe" acha nafasi moja uandike --guest, uipe jina "WATEJA". Humo ekstensheni hazifanyi kazi, nywila hazihifadhiwi, na madirisha yote ya mgeni yakifungwa historia na vidakuzi vinafutika. Mafaili aliyopakua ndiyo yanabaki kwenye folda ya Downloads, kwa hiyo hayo yafuteni kwa mkono kabla mteja hajaondoka, yeye akiona.