Treni ya asubuhi Moshi–Arusha: watu wasimame, au kila abiria na kiti chake?

Treni ya abiria ilirudi Moshi mwaka 2019, Arusha 2020. Wapo wanaotaka reli hiyohiyo, kilomita 86 kati ya miji hii, iwe na treni ya wafanyakazi na wanafunzi asubuhi na jioni. Kusimama kuruhusiwe?

Mkazi wa Majengo, Moshi:
Kuruhusiwe, kwa kipimo cha sakafu. Behewa lenye nafasi tupu ya mita za mraba 15 likipakia watu wanne kila mita, waliosimama ni 60 na kila mmoja anafikia pa kushika. Wakifika sita, yaani 90, breki ya ghafla inawaangusha wote kwa mkupuo. Tiketi zikifika 60, dirisha lifungwe.

Fundi breki, Njiro, Arusha:
Na anayelifunga dirisha ni nani, Mangi? Hao 30 wa ziada, kwa kilo 70 kila mtu, ni tani 2.1. Mabehewa manane, karibu tani 17. Behewa lisilo na vali ya kuongeza nguvu ya breki kadiri ya mzigo hubana magurudumu kwa nguvu ileile ya likiwa tupu, hivyo treni inasimama mbali zaidi. Igandu, Dodoma, Juni 24, 2002, treni ilikosa breki mlimani, ikarudi nyuma na kugonga ya mizigo. Walikufa watu 281. Breki zijaribiwe mabehewa yakiwa na uzito kamili, la sivyo mimi nasema viti tu.

Msafiri wa Usa River:
Ndugu zangu, mlangoni ndiko kwenye hatari. Juni 2025, karibu na Mumbra, Mumbai, treni mbili zilipishana kwenye kona, abiria walioning'inia milangoni wakaanguka relini, wengine wakafa. Kwetu njia ni moja, lakini vyuma vya madaraja viko karibu na behewa. Anayeshuka kituo kinachofuata haingii ndani, anaogopa kukwama, na nyuma yake wanasukumana. Mlango mmoja uwe wa kupandia, mwingine wa kushukia, na gadi asipeperushe bendera ya kijani mpaka yote imefungwa.

Mkazi wa Majengo:
Milango nakubali, na breki pia. Viti tu, hapana: atakayekosa tiketi atapanda kifodi, yaani daladala ndogo, kilichojaa mpaka mlangoni, tena barabara kuu, pamoja na malori.

Fundi breki:
Basi liongezwe behewa, kabla ya kuongeza watu.