Ushauri wa haraka: kamba na mkanda wa kupandia mti, nianzie wapi?

Mjomba Tanga
Wakuu, habari za jioni. Niko Muheza. Hapa nyumbani kuna mwembe mkongwe, tawi lake la kwanza la maana liko kama mita 6 kutoka chini. Nataka tuwe tunaupanda kwa kamba, kujifurahisha tu, si kuchuma embe wala kukata matawi. Naomba kujua kamba ya unene gani inatosha, mkanda naweza kushonesha au lazima wa dukani, na mafundo ya kuanzia ni yapi. Majibu mapema tafadhali, Jumamosi iko karibu.

Mkwezi Mstaafu
Kamba ya nini, kijana? Mimi nimekwea minazi Pangani tangu nina miaka 12. Unakata vidato kwenye shina, unaweka unyayo, unalikumbatia, unapanda. Masika moja nilikuta vidato vimeota ukungu, nikateleza nusu mnazi huku nimeukumbatia. Kifua chote kilichunika. Mke wangu alinipaka mafuta ya nazi wiki mbili. Goti mpaka leo linanijulisha mvua kabla haijanyesha.

Dada wa Chumbageni
Babu, sasa hiyo ni sababu ya kutumia kamba au ya kutotumia? 😂

Mwana Kibo
Mwembe mbona mfupi. Kule Kilimanjaro kuna mkukusu wa mita 81.5, watafiti walitangaza mwaka 2016 kuwa ndio mti mrefu kuliko yote Afrika. Nenda huko ukapande.

Binti Sigi
Watu wazima mnatafuta michezo ya tumbili na paa la nyumba linavuja. Nunua mabati.

Fundi Minara
Mleta uzi, nipo kwenye minara ya simu mwaka wa 9 huu, na siku za mapumziko napanda miti kwa kamba na wenzangu wawili. Kabla ya unene wa kamba nijibu: Jumamosi kuna nini? Nani anapanda? Na kamba umeshanunua?

Mjomba Tanga
Napanda mimi na vijana wa hapa nyumbani. Kamba ipo, ile ya buluu ya kufungia mizigo kwenye malori, mpya kabisa. Muuzaji alinihakikishia inavuta Fuso.

Fundi Minara
Vijana wa miaka mingapi?

Mjomba Tanga
Samahani kwa kuchelewa kujibu. Ni mmoja, ana miaka 10. Na ameshapanda, Jumapili iliyopita. Mkanda alitushonea fundi viatu kwa mkanda wa kiti cha gari, kila kiungo kapitisha uzi mara tatu. Nilirusha kamba juu ya tawi, nikamvuta, akakaa juu nusu saa. Wakati wa kumshusha kamba ilinichomoka kama mita 2 hivi, nikaidaka. Viganja vimebabuka, yeye hakuumia. Ila kamba haina kosa, ni mimi sikuvaa glovu. Jumamosi nitavaa.

Fundi Minara
Kaka, glovu si jibu. Nenda sasa hivi na tochi, ikague kamba pale iliposugua tawi. Utakuta nyuzi zimechanika, au pameng'aa kama pamelambwa na moto. Ile ni plastiki, inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na jua nalo linaidhoofisha kila siku. Muuzaji hakukudanganya, inavuta Fuso. Lakini Fuso haianguki kutoka juu ya mti.

Kamba ya kazi hii ni ya milimita 11 hadi 13, isiyovutika sana, yenye alama ya EN 1891, kiwango cha Ulaya cha kamba za usalama. Karabina, yaani zile pete za chuma za kuunganishia, ziwe zinazojifunga zenyewe, zimeandikwa kN 22 (kilonyutoni, kipimo cha nguvu) au zaidi. Kofia ngumu wote wawili, hata anayesimama chini. Mkanda wa mtoto ushike hadi mabega, kwa sababu nyonga zake bado nyembamba, akipinduka kichwa chini wa kiunoni unamvuka. Wa fundi viatu usirudie, hata kama uzi kapitisha mara kumi.

Kubwa zaidi ni namna ya kupanda. Uhai wa mtu haushikwi kwa viganja. Kamba inapita juu ya tawi, ncha yake inafungwa kwenye mkanda wake, na mkia unaobaki unafungwa fundo la Blake kuuzunguka upande wa pili wa kamba. Mpandaji analisukuma fundo anapanda, akiliachia linakaba lenyewe. Hivi ndivyo wanavyopanda hata wale wa Atlanta, Marekani, walioanzisha shule ya mchezo huu mwaka 1983. Chini ya kamba, pale kwenye tawi, weka mshipi wenye pete mbili ili gome lisiliwe na kamba isiliwe. Mazoezi ya mwanzo yote mita 1 kutoka chini. Na mti wenyewe ukague: uyoga shinani, mlio wa uwazi ukiugonga, matawi makavu, waya za umeme. Ukiona kimoja kati ya hivyo, acha.

Kijiwe Kikuu
Wakuu mnanyweshwa chai. Nimepekua nyuzi zake. Mwezi wa tatu huyuhuyu aliandika kwenye uzi wa viwanja kwamba hana mke wala mtoto. Leo ana mtoto wa miaka 10 juu ya mwembe. Chai ya rangi, tena haina sukari.

Mkwezi Mstaafu
Na mimi nimeshtuka. Mwembe wa Muheza usio na maji moto? Nusu saa juu ya mwembe na wale siafu wa majani wasikung'ate? Mimi waliwahi kuniteremsha bila kupenda.

Binti Sigi
Nilijua. Tupia picha ya viganja.

Mjomba Tanga
Maji moto wapo, wamejenga upande wa barabarani. Tulipanda upande wa uani, na matawi yaliyogusana nao nilikuwa nimeshayapunguza.

Mtoto kweli sina. Huyu ni wa dada yangu, amefariki mwezi wa tano. Tangu aje kwangu mezani haongei. Nikiwa kazini anaupanda ule mwembe peke yake bila chochote, majirani ndio wananiambia. Nilimkataza, akahamia kwenye mnazi wa jirani. Nikaona heri apande nikiwepo. Jumapili alipofika juu akaanza kunihesabia anavyoviona: reli, paa la shule, milima ya Amani. Hajawahi kunisemesha maneno mengi hivyo. Nimemwahidi Jumamosi, na sitavunja ahadi hiyo. Nilichohitaji ni kamba tu.

Dada wa Chumbageni
Jamani, someni ID ya mleta uzi. Mjomba.

Kijiwe Kikuu
Nimeona. Pole sana mkuu, nisamehe.

Binti Sigi
Poleni kwa msiba. Lakini mtoto aliyefiwa anahitaji dua na shangazi wa kukaa naye, si mti.

Mkwezi Mstaafu
Binti, mimi nilipofiwa na baba nilikaa juu ya mnazi hadi magharibi. Mwacheni.

Fundi Minara
Mjomba, ahadi usivunje, punguza urefu tu. Jumamosi iwe mita 1, na mafundo afunge yeye, wewe ukague. Ijumaa nashuka Tanga, nina mkanda wa mwanangu uliombana na kamba ya mazoezi. Nakuja PM. Ile ya buluu ikate leo, usiiache nzima stoo, ataiona.

Mjomba Tanga
Nimeikagua. Pameng'aa, kama ulivyosema. Nimeikata mbele yake, nikamwonyesha pale palipoyeyuka. Amechukua kipande, yuko chini ya meza anakizungushia mguu wake. Anauliza, fundo la Blake ni mizunguko mingapi?

Fundi Minara
Minne, kwenda juu. Mkia unashuka, unapita chini ya ile miwili ya mwanzo. Halafu mwishoni mwa mkia afunge fundo dogo la kuzuia usichomoke. Nitumie picha akimaliza.