Naomba ushauri: R.H.M.S. kwenye Biblia ya babu yake mavyaa wangu, ni shule gani ya Dublin?

Binti Chumbageni
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa huku Dublin mwaka wa kumi na moja sasa. Nakaa na mavyaa wangu, ana miaka 84, akili yake nzima, miguu tu ndiyo imegoma. Amenipa kazi na mimi nimefika ukingoni.

Ana Biblia ndogo nyeusi, mgongo umeachana na kurasa, ameifunga kwa utepe. Ndani ya jalada, kwa wino uliogeuka rangi ya chai, kuna jina la babu yake mzaa mama, chini yake R.H.M.S., na chini yake tena Dublin 1899. Huyo babu ndiye aliyemlea. Kaburi lake linasema alizaliwa 1888. Wazazi wake hakuwahi kuwataja hata siku moja, na ukimuuliza alikuwa anatoka nje.

Ukoo wote umekua ukiamini H.M.S. ni manowari ya Uingereza, kwa hiyo babu alikuwa baharia. Lakini mwaka 1899 si alikuwa mtoto wa miaka 11? Juzi ndugu mmoja akaja na lake: eti ni shule ya hisani ya watoto wa mabaharia, na babu alitupwa huko na wazazi wake. Tangu siku hiyo mama wa watu amenyong'onyea, chakula anakichezea tu. Nililipia mtandao mmoja wa koo, wakaniletea mtu mwingine kabisa aliyefia Australia.

Ni shule ipi hii, na nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

Mpekuzi wa Kew
Dada, umekuja mahali pake. Niko London, kazi hii ya nyaraka naifanya kila Jumamosi.

Herufi yako ya taabu ni M. Dublin ilikuwa na shule mbili za hisani zinazoweza kuandikwa hivyo. Ya kwanza ni Royal Hibernian Marine School, ya watoto wa mabaharia, ilipata hati ya mfalme mwaka 1775 na jengo lake lilikuwa Sir John Rogerson's Quay, ukingoni mwa mto Liffey. Ya pili ni Royal Hibernian Military School, ya watoto wa askari, hati yake ya mwaka 1769, ndani ya Phoenix Park upande wa Chapelizod. Huyo ndugu yenu ameshika ya kwanza bila kujua kuna ya pili.

Kinachoamua ni kazi ya baba. Usianze na shule. Anza na cheti cha ndoa ya huyo babu, kwa sababu vyeti vya ndoa vya Ireland vinaandika jina la baba wa bwana harusi na kazi yake. Tovuti ya serikali, irishgenealogy.ie, inatoa picha za daftari lenyewe bure: vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita miaka 75, vifo vilivyopita miaka 50. Hulipi senti.

Kaka wa Kisauni
Sitaki kumvunja moyo dada yetu, ila nilivyosoma mimi kumbukumbu zote za Ireland ziliteketea vitani 1922. Asije akamwaga hela bure.

Mpekuzi wa Kew
Kaka, moto ulikuwepo kweli. Tarehe 30 Juni 1922 jengo la kumbukumbu pale Four Courts lililipuka na kuungua, zikaenda karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 na madaftari mengi ya kanisa la Kianglikana. Lakini madaftari ya serikali ya vizazi, ndoa na vifo hayakuwa humo. Ya parokia za Kikatoliki hayakuwa humo. Sensa za 1901 na 1911 zipo na zinasomeka mtandaoni bure. Watu wengi wanakata tamaa kwa neno hilo moja, "ziliungua", kabla hawajafungua hata ukurasa mmoja.

Shule ya Phoenix Park ina msiba wake tofauti. Mwaka 1922 ilihamishiwa Uingereza, mwaka 1924 ikaunganishwa na shule ya kijeshi ya Duke of York's kule Dover, na karatasi zake nyingi ziliangamia kwa mabomu 1940. Kilichobaki ni daftari la faharasa ya majina ya wavulana, la kuanzia kama 1835 hadi 1919 hivi. Liko hapa Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza, namba WO 143/27. Jina likithibitika, mimi nitakwenda kulifungua.

Mama Zuhura, Muscat
Mwanangu Binti Chumbageni, hebu muulize mavyaa wako kitu kimoja: babu yake alikuwa na ujuzi gani wa mikono? Sisi babu yetu tulimjua kalelewa misheni kwa namna alivyokuwa akikunja shuka.

Binti Chumbageni
Shukrani nyingi kwenu nyote, na Mama Zuhura shikamoo. Swali lako limenitoa machozi.

Nimemuuliza usiku wakati namkanda miguu. Akasema babu alikuwa akishona viatu vya mtaa mzima. Anakaa kwenye kigoda mlangoni, misumari kaibana midomoni, anaitoa mmojammoja kwa ulimi, na mtoto akimsemesha hajibu mpaka misumari iishe. Hakuna aliyejua kajifunzia wapi.

Mpekuzi wa Kew
Ushonaji wa viatu na wa nguo ndizo kazi walizofundishwa wavulana wa Phoenix Park, pamoja na muziki wa bendi. Wengi wakifika miaka 14 walikuwa wanaingia jeshini moja kwa moja. Si ushahidi, lakini inaelekea huko. Cheti cha ndoa, dada.

Binti Chumbageni
Nimekipata! Aliowa 1913. Baba yake: jina, halafu kwenye kazi pameandikwa *Soldier*, na pembeni kwamba ameshafariki.

Nikarudi kwenye vizazi vya 1888. Jina lenyewe limejaa kama Juma kwetu, nilikuta watatu. Mmoja tu ndiye baba yake askari, kazaliwa kambi ya Curragh, wilaya ya Naas. Na mama yake anaitwa jina lile lile alilompa binti yake wa kwanza, yaani mama mzazi wa mavyaa wangu.

Mpekuzi wa Kew
Hapo mna mtu wenu, na M yenu ni ya askari. Sasa mwambie mama hili: shule ile haikuwa jalala la watoto waliotupwa. Waliotangulizwa ni yatima wa askari, na waliofiwa na mzazi mmoja, na wale ambao baba zao walipelekwa kutumika ng'ambo. Tafuteni faili la baba katika WO 97, hati za askari waliostaafishwa. Za miaka hiyo mara nyingine zinataja mke na watoto wote kwa tarehe. Ya babu mwenyewe, kama alipigana 1914, inaweza kuwa miongoni mwa zilizoungua Septemba 1940, ila kadi za medali zilipona.

Nitumie jina faragha. Jumamosi naomba daftari.

Kaka wa Kisauni
Nakubali nimekosea, dada. Endelea.

Binti Chumbageni
Nimemsomea mavyaa ukurasa wa kizazi polepole, mara mbili. Akaniuliza tu, "Mama yake aliweka sahihi?" Hakuweka, aliweka alama ya X. Akaomba nimkuzie picha, akaiwekea kidole pale kwenye X, akakaa hivyo muda mrefu.

Leo amekula. Jengo la shule sasa ni hospitali ya St Mary's, na mume wangu ameshaomba kiti cha magurudumu kwa jirani. Jumamosi, Mpekuzi akiwa Kew, sisi tutakuwa Phoenix Park.