Tupeane uzoefu: rufaa ya unyang'anyi wa kutumia silaha

Wakuu, mdogo wangu kala mvua 30, yaani miaka 30 jela, Jumanne iliyopita, mahakama ya wilaya. Shahidi wa kumtambua ni mama mmoja tu, usiku. Panga halikupatikana, simu haikupatikana. Mliopitia rufaa, ilikuwaje?

Dada wa mfungwa
Pole sana. Usilale: kusudio la rufaa, yaani taarifa kwamba anataka kukata rufaa, ni ndani ya siku 10, fomu ziko gerezani, anaweka dole gumba. Hati ya rufaa, ile yenye sababu zenyewe, ni siku 45, ila siku za kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo (maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani) hazihesabiwi. Sisi nakala tuliisubiri miezi saba! Halafu panga kutoonekana mahakamani peke yake halimtoi. Shahidi akiaminika kwamba alitishiwa nalo, inatosha.

Fundi Rangi
Pigeni kwenye utambuzi, yaani shahidi alimtambuaje. Shahidi wa kaka yangu alisema "nilimtambua kwa mwanga wa taa", basi. Mwenendo tuliusoma mezani kwa mama, nikapigia mstari hilo neno taa mpaka karatasi ikatoboka. Taa gani? Ilining'inia wapi? Walisimama hatua ngapi? Walikaa naye muda gani? Hamna. Ndiyo maswali ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, 1980, kesi ambayo wafungwa wanaikariri kama sala. Tena huyo shahidi ni jirani, lakini alipohojiwa na polisi usiku uleule hakumtaja kaka. Kakamatwa siku ya tisa. Mahakama Kuu, jaji akamuuliza wakili wa serikali: "Taa ipi?" Akafunua karatasi, akafunua tena, akasema haungi mkono hatia. Kaka alikuwa ameshakaa ndani miaka sita.

Mzee wa Kijiweni
Msimpe mwenzenu matumaini ya bure. Binamu yangu alikutwa na pikipiki iliyoporwa jana yake, akaulizwa kaipata wapi, akabaki kutoa macho. Tulifika mpaka Mahakama ya Rufani, tukagonga mwamba. Utambuzi ulitupwa kweli, lakini pikipiki ikabaki.

Mleta mada
Mzee, dogo hakukutwa na kitu, hata sindano. Leo siku ya sita, kesho alfajiri niko getini gerezani. Fundi umenikumbusha kitu: yule mama alisema kibatari. Na kabla ya hapo alishasema walipoingia tu walikizima.