Medali za Wounded Knee: zifutwe au zibaki?

Wakuu, Septemba 2025 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Pete Hegseth, alitangaza kwamba askari waliotunukiwa kwa mauaji ya Wahindi wa Marekani huko Wounded Knee mwaka 1890 wanabaki na Medali zao za Heshima, nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani. Mtangulizi wake, Lloyd Austin, alikuwa ameagiza mwaka 2024 zichunguzwe upya. Mimi nasema zifutwe.

Kikosi chao, Rejimenti ya 7 ya wapanda farasi ya jeshi la Marekani, kiliundwa 1866, na wengi wanakijua kwa kamanda wake Custer na kipigo walichokipata kwa Wahindi huko Little Bighorn mwaka 1876. Desemba 29, 1890, huko Wounded Knee, Dakota Kusini, kikiwa chini ya Kanali Forsyth, kiliwazingira Walakota (kabila la Wahindi wa Marekani) wapatao 350, wengi wao wanawake na watoto. Chifu wao, Big Foot, alikuwa hoi kwa nimonia. Walishajisalimisha jana yake. Wakati wananyang'anywa bunduki, moja ikafyatuka, na mizinga minne ya Hotchkiss iliyowekwa kilimani ikaanza kumimina. Maiti za wanawake ziliokotwa mbali kabisa na kambi. Kumfukuza kwa farasi mama anayekimbia na mwanawe, huo nao ni ushujaa? Kwenye kaburi moja la pamoja walizikwa watu 146.

Mwenzetu mmoja akanijibu: Mkuu, uchungu wako naufahamu, ila umeruka mambo. Askari 25 waliuawa pale, si mchezo. Halafu bodi ya majenerali iliyofuta medali 911 mwaka 1917 iliongozwa na Jenerali Nelson Miles, yuleyule aliyemvua Forsyth ukamanda na kuyaita yale mauaji ya kikatili. Za Wounded Knee hazikuguswa. Sisi tunajua nini kumzidi Miles?

Nami namjibu: hoja ya Miles ni nzito, nakiri. Lakini tazama bodi ile ilifuta nini: 864 kati ya hizo 911 ni za kikosi kimoja cha jimbo la Maine, kilichotunukiwa chote kwa sababu, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, baadhi yao walikubali kubaki kuilinda Washington muda wao wa utumishi ulipokwisha. Yaani kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya kusafisha daftari. Kuhusu hao 25, askari walipangwa wakitazamana, kambi ikiwa katikati, kwa hiyo baadhi walipigwa risasi na wenzao. Mpangilio huohuo ndio Miles aliomlaumu nao Forsyth. Na mwaka 1990 Bunge la Marekani lilitamka rasmi kuwa linasikitika sana kwa mauaji hayo. Sasa nijibu wewe: masikitiko hayo na medali hizi vinakaaje kwenye faili moja?