Programu inaunganishwa vizuri, lakini ikianza inadai libmodbus.so.5 haipo

pampu_kasarani aliandika:

Hamjambo wakuu. Ninaandika programu ndogo ya C ya kusoma mita za maji katika jengo moja la kupangisha huku Kasarani. Mita hizo zinazungumza Modbus, lugha ya mawasiliano ya vifaa, kupitia waya za RS-485, nami nimeziunganisha na kompyuta yangu ya Ubuntu kwa adapta ya USB niliyoinunua Luthuli. Maktaba ya libmodbus nilipakua msimbo wake mwenyewe, nikapitia ./configure, make na sudo make install, na hatua zote zikaisha bila kosa.

Tatizo la kwanza lilijitokeza nilipotoa amri hii:

gcc -lmodbus soma.c -o soma

Nikajibiwa:

undefined reference to `modbus_new_rtu'

Kwa kubahatisha tu nilihamishia -lmodbus mwisho wa amri, kosa likatoweka, na hadi sasa sielewi kwa nini mahali pa neno moja pawe na uzito kiasi hicho. Furaha haikudumu, kwani nilipoiendesha programu yenyewe nilipata haya:

./soma: error while loading shared libraries: libmodbus.so.5: cannot open shared object file: No such file or directory

Faili ipo, nimeiona kwa macho yangu ndani ya /usr/local/lib. Nikaongeza export LD_LIBRARY_PATH=/usr/local/lib katika .bashrc, programu ikaanza, ila ikanyimwa ruhusa ya kufungua /dev/ttyUSB0, yaani mlango wa ile adapta. Nikaiendesha kwa sudo, na kosa lile lile la maktaba likarudi. Inakuwaje faili moja ionekane wakati wa kuunganisha, ikosekane wakati wa kuendesha, kisha ionekane kwangu na kukosekana kwa sudo? Mwenye jengo anataka hesabu za maji kabla ya mwezi kuisha.

mzee_wa_terminali alijibu:

Ndugu, faili yako inatafutwa na watafutaji wawili wasioulizana. Wa kwanza ni kiunganishi, ld, anayefanya kazi wakati wa kukompaili tu, yaani kugeuza msimbo kuwa programu. Wa pili ni kipakiaji, ld-linux, anayeamka kila programu inapoanza, na orodha yake ya mahali pa kutafuta ni tofauti kabisa na ya mwenzake.

Tuanze na kiunganishi. Yeye husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia, na tangu toleo la 11.10 Ubuntu humwamuru kwa --as-needed aiache maktaba yoyote ambayo hadi hapo haijahitajika. Ulipoitaja -lmodbus kabla ya soma.c, hakukuwa bado na msimbo wowote ulioiomba modbus_new_rtu, kwa hiyo maktaba ikawekwa kando. Ombi lilipofika, hakurudi nyuma. Ndiyo maana amri kama yako inaweza kupita kwenye mifumo mingine ya Linux na kukwama kwenye Ubuntu.

Sasa kosa la pili. Kiunganishi anaijua /usr/local/lib tangu mwanzo, akaipata maktaba huko, lakini ndani ya programu yako hakuandika njia ya kufika. Aliandika jina tupu. Jionee:

readelf -d soma | grep NEEDED

Utakuta libmodbus.so.5 na libc.so.6, bila saraka yoyote. Kipakiaji hulichukua jina hilo, akaangalia LD_LIBRARY_PATH kama ipo, kisha kache iliyo katika /etc/ld.so.cache, kisha /lib na /usr/lib, basi. Kwa hiari yake haendi /usr/local/lib. Kwenye Ubuntu saraka hiyo tayari imeandikwa katika /etc/ld.so.conf.d/libc.conf, kwa hiyo huna haja ya kuhariri chochote. Kilichobaki nyuma ni kache, ambayo ilitengenezwa kabla hujaweka maktaba yako. Toa amri mbili:

sudo ldconfig
ldconfig -p | grep modbus

Ukipandisha skrini hadi mwisho wa ile make install yako, utakuta maelezo marefu chini ya mstari wa vistari yakikuonya kuhusu jambo hili hili. Sote tumeyapita bila kuyasoma. Kinachochanganya ni kwamba hatua hiyo huita ldconfig -n, ambayo hurekebisha viungo vya majina ndani ya saraka lakini kache haiigusi.

Kuhusu sudo, hakuna hitilafu. Inaondoa LD_LIBRARY_PATH kwa makusudi, kwa sababu bila hivyo mtu angeweza kupenyeza maktaba yake ndani ya programu inayoendeshwa na root. Futa ule mstari katika .bashrc. Na kwa mlango wa mita huhitaji sudo hata kidogo. Jiunge na kundi la dialout, lenye ruhusa ya milango hiyo, kwa sudo usermod -aG dialout $USER, utoke, uingie tena.

pampu_kasarani aliandika:

Ahsante sana, mzee. Baada ya ldconfig, amri ya ldd soma inaonyesha libmodbus.so.5 => /usr/local/lib/libmodbus.so.5, na mita ya kwanza imesomeka bila sudo. Limebaki moja. Kazi hii itakaa kwenye kompyuta ya chumba cha pampu, ambayo ni Ubuntu 20.04, ilhali yangu ni 22.04. Nilinakili soma pamoja na maktaba yake, nikaziweka katika saraka moja, na baada ya kukompaili upya kwa -Wl,-rpath,$ORIGIN, ili maktaba itafutwe pale pale ilipo programu, bado inasema maktaba haipo.

kebo_nyekundu alijibu:

Gamba la terminali limeimeza $ORIGIN yako kabla haijamfikia kiunganishi, kwa kuwa liliidhani ni kigezo chake na kukuta kitupu. Iweke ndani ya alama moja moja za kunukuu:

gcc soma.c -o soma -lmodbus -Wl,-rpath,'$ORIGIN'

Hata hivyo, ninakutahadharisha kwamba hutafika mbali, maana utakutana na hii:

version `GLIBC_2.34' not found

Ubuntu 22.04 ina glibc, maktaba ya msingi ya C, toleo la 2.35 na 20.04 ina 2.31. Programu iliyokompailiwa juu ya glibc ya zamani huendelea kufanya kazi juu ya mpya, lakini kinyume chake hakuna ahadi. Tafadhali usishawishike kunakili libc.so.6 kutoka kompyuta yako kwenda kule. Nimewahi kufanya hivyo, na hata ls ikakataa kuanza. Kompaili kule kule chumba cha pampu, na kwa maoni yangu achana na msimbo uliopakua, kwani toleo la hazina ya Ubuntu linakutosha:

sudo apt install build-essential pkg-config libmodbus-dev
gcc soma.c -o soma $(pkg-config --cflags --libs libmodbus)

Hapo maktaba itakaa katika /usr/lib/x86_64-linux-gnu, ambako watafutaji wote wawili hufika, na hutahitaji rpath.

pampu_kasarani aliandika:

Ile ya GLIBC_2.34 niliipata neno kwa neno. Nimekompaili katika chumba cha pampu kama ulivyoelekeza, na mita zote za ghorofa ya kwanza zinasomeka isipokuwa moja, ambayo inarudisha Connection timed out. Nimefungua kifuniko chake na kukuta waya za A na B zimebadilishana.